Siku moja maishani mwangu: nafunga viungo vya fimbo za biliyari, Lubumbashi

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai naenda kwanza kuangalia kole, yaani gundi. Jana jioni nilibandika letoni (kibomba cha shaba ya njano chenye meno ndani, kinachopokea skrubu ya kishikio, nusu ya nyuma ya fimbo) ndani ya shafti moja (shafti ni ile nusu ya mbele ya fimbo, yenye ngozi ya milimita 13) na kole iliyobaki niliiacha kwenye kifuniko cha chupa ili inipe habari. Naibonyeza na ukucha, haiingii. Basi iko tayari.

Saa 2 niko atelieni hapa Kamalondo, tur, mashine ya kuchonga kwa kuzungusha, inazunguka. Kijana mmoja ananingoja mlangoni na fimbo yake imefungwa ndani ya gazeti, "papa, kiungo kinagoma". Naangalia, skrubu ya zamani ilivunjika, fundi wa mtaani akamwekea bolti ya milimita 8. Hii naiona kila mwezi na inaniuma sana. Skrubu yake ilikuwa ya inchi 5/16, yaani milimita 7.94, kwa macho huwezi kutofautisha na 8, lakini meno yake ni 18 kwa inchi na bolti yetu ya kawaida ni kama 20, kwa hiyo inaingia mizunguko miwili mitatu halafu inabana, mtu anaongeza nguvu na letoni yote ndani inaliwa. Na hata zile za 5/16 zenyewe kuna za meno 14 na kuna za meno 18, hazichanganyiki! Nikamwambia mwanangu, letoni hii natoa, acha fimbo.

Saa 3 mpaka saa 5 ni kutoboa tu. Hapa ndipo fimbo nyingi zinapokufa. Ukichukua perseze ya mkono (drili) na meshi, ile ncha yake ya kutoboa, meshi inafuata nyuzi za mbao, inakwenda inakotaka, na shafti ni mepo (maple) ya Kanada, mbao ngumu, hairudi nyuma ukikosea. Mimi naanza na meshi ndogo, halafu napanua tundu na kisu cha ndani kwenye tur, kidogo kidogo, mpaka letoni iingie kwa kusukuma na kidole gumba. Ikihitaji nyundo, tundu ni dogo. Ikicheza, kole itaikausha ikiwa imepinda na utaunganisha fimbo yenye kona katikati.

Saa 5 na robo umeme umekatika. Nikakaa nje kivulini, nikala bukari na sombe mapema, nikatumia muda huo kukwaruza letoni kwa nje na kuichonga mfereji mwembamba wa urefu. Ule mfereji ni muhimu, maana tundu halina mlango wa nyuma, hewa na kole vikikosa pa kutokea vinaisukuma letoni irudi, unaamka asubuhi imesimama juu ya uso wa mbao.

Saa 8 umeme umerudi, narudi kwa shafti ya jana. Kukata uso. Nakata kole ikishakauka, kamwe si kabla, letoni ikae chini ya uso kama unene wa karatasi, ili kinachogusana na kishikio iwe ile pete ya nje, pande zote sawasawa. Halafu naunganisha na kishikio, nazungusha pole pole, naweka taa ya simu nyuma ya kiungo. Mwanga ukapita upande mmoja, uzi mwembamba kabisa. Nikarudisha kwenye tur, nikatoa kidogo sana, nikaangalia tena, giza. Nikaibiringisha juu ya kioo cha meza, haikuruka wala haikugonga. Nilifurahi, nasema kweli, nikaibiringisha mara nne zaidi bila sababu.

Mwenye fimbo hiyo akaja saa 10, akaifunga mwenyewe, akasikiliza.

Saa 11 jioni nikabandika letoni ya yule kijana. Kwanza skrubu naipaka nta ya mshumaa, ili kole ikipenya kwenye meno isishike, halafu nachanganya ile kole ya mirija miwili, nusu kwa nusu, naingiza nikizungusha. 

Saa 2 usiku yule kijana kapiga simu: "papa, nije kesho asubuhi?" Nimemwambia kesho saa 12 jioni, si mbele ya hapo. Shafti imesimama kwenye kona, na kole kidogo iko kwenye kifuniko.