Ukikutana na afande wa zamani Mwanza, usiondoke bila karatasi

Aliyefanya kazi ya ndege jeshini kisha akahamia ughaibuni, siku moja atakutana na watu wake wa zamani, na Mwanza ni mahali pa kukutania. Uwanja ule ni wa kiraia na wa kijeshi kwa pamoja, na wapo wastaafu waliojenga Ilemela, Pasiansi na Igombe, wakaamua kuzeekea hapo hapo wanaposikia injini. Unashuka kwa likizo ya Desemba, hujafika hata kwenye daladala, mtu anakuita kwa jina la kambini.

Kwa anayetafuta leseni ya ufundi wa ndege huku nje, mkutano huo una thamani kubwa. Marekani, anayetaka cheti cha fundi wa bodi ya ndege au cha fundi wa injini huonyesha miezi 18 ya kazi ya vitendo; akitaka vyote viwili kwa pamoja, miezi 30. Ulaya, chini ya kanuni za EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya huko, uzoefu wa jeshini hupokelewa ukilingana na wa kiraia, lakini kwa leseni ya B1 (fundi wa mitambo) au B2 (fundi wa umeme na vifaa vya elektroniki) lazima uongeze miezi 12 kwenye karakana ya ndege za kiraia, na uzoefu wote uwe wa ndani ya miaka 10 kabla ya kuomba. Sasa, faili la jeshini hukuondoka nalo, na vitabu vya ndege hubaki na ndege. Anayejua uligusa nini, lini na chini ya nani ni yule aliyekuwa mkuu wako wa zamu, na karatasi unayoitaka ni barua yake ya kuthibitisha kazi hiyo.

Usianze na karatasi. Anza na shikamoo, na uendelee kumwita afande hata kama sasa anauza vifaranga. Kwa mzee wa Kisukuma, "mwangaluka" ya asubuhi inafungua mlango zaidi ya zawadi. Uliza waliofariki, toa pole, kunywa chai yake. Ombi lako liende siku ya pili, nyumbani kwake, akiwa na miwani.

Kumbukumbu yake ni nzuri kwa mambo na dhaifu kwa tarehe, kwa hiyo usimuulize mwaka. Muulize kwa matukio ambayo hakuna mtu wa kanda ya ziwa anayeyasahau. Ilikuwa kabla au baada ya MV Bukoba kuzama, Mei 1996? Kabla au baada ya msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999? Kwa kazi za karibuni, tumia MV Nyerere, Septemba 2018, na kifo cha Rais Magufuli, Machi 2021. Wazee zaidi watakutajia siku ndege ya Libya ilipokuja kushambulia Mwanza, Machi 1979, mabomu yakakosa shabaha na kuua wanyama kisiwani Saanane. Ukishabana tukio upande huu na upande ule, mwezi unajitokeza wenyewe.

Panapoharibika zaidi ni saa. Mzee anasema "tuliruka saa mbili", na kijana wake anayeandika kwenye simu anaweka 02:00. Saa mbili asubuhi ni 08:00 ya Mwanza, na kwa saa ya anga, ile ya Zulu, ni 05:00, kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu. Usiku ni hatari zaidi: saa nane usiku ni 02:00 ya Mwanza lakini ni 23:00 Zulu ya tarehe iliyotangulia. Anayekagua maombi akikuta barua inasema tarehe 5 na kitabu chako cha kumbukumbu za saa za kazi kinasema tarehe 4, anaweza kudhani mmoja wenu anadanganya. Andika saa zote mbili, ya Mwanza na ya Zulu, kwenye mstari mmoja.

Vipimo navyo vina mtego wake. Waliosomea ndege za Kichina na za Kirusi wanakumbuka mita na kilomita kwa saa; fomu za huku zinataka futi na noti, yaani maili za baharini kwa saa. Kilomita 600 kwa saa ni noti 324. Mita 1,000 ni futi 3,281. Shinikizo la haidroliki la kilo 210 kwa sentimita ya mraba ni karibu paundi 3,000 kwa inchi ya mraba. Mwache aseme kwa kipimo chake, andika kama alivyosema, kisha weka badiliko pembeni. Ukibadili kichwani halafu ukamsomea, atakukatalia, na atakuwa na haki.

Wapo pia matapeli wanaotafuta watu wa ughaibuni kwa simu na kujifanya tulikuwa wote. Usimpime kwa mambo ya siri. Kazi yenyewe ina maswali ya kutosha. Rubani wa Mwanza anajua uwanja uko kama mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, na kwamba jua likipandisha joto hadi nyuzi 28 hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uwanja uko karibu mita 1,900, ndiyo maana ndege iliyojaa hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Anajua radi za ziwani hukomaa usiku wa manane hadi alfajiri, maana nchi kavu ikipoa upepo wa kila ufuko hukimbilia majini na kukutana katikati, juu ya maji yenye joto. Fundi mpe kipande cha waya wa kufungia boliti na umwangalie mikono. Wa kweli husokota mizunguko 6 hadi 8 kwa kila inchi, waya huvuta boliti kuelekea upande wa kukaza, na ncha huikunja ndani isije ikachana kiganja cha atakayefuata. Tapeli hufunga kama anafunga uzio wa mbuzi.

Barua yenyewe iwe fupi. Jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na jina la kambini kando yake kama ndilo analolijua. Cheo chake wakati ule na cha kustaafu. Aina ya ndege, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, na kazi kwa mifumo: magurudumu, mafuta, haidroliki, injini, umeme. "Alitengeneza ndege" haisaidii kitu. "Alibadilisha pampu ya mafuta na kufanya ukaguzi wa uvujaji chini ya usimamizi wangu" inasaidia. Asitie sahihi kwa kipindi alichokuwa amehamishiwa kambi nyingine, tuseme Ngerengere, hata ukimbembeleza, kwa kuwa akipigiwa simu na kuulizwa, barua nzima inaanguka pamoja na sehemu zake za kweli.

Idadi ya ndege, mahali zinapoegeshwa na silaha havimo kwenye barua hii, na picha ya upande wa jeshi usiipige hata kwa mbali. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haijali kwamba ulikuwa unajikumbusha ujana.

Fika kwake angalau siku mbili kabla ya safari yako, usiende ukiwa njiani kuelekea uwanjani. Mzee akilala na maswali yako, asubuhi anaamka amekumbuka namba iliyoandikwa mkiani mwa ndege.