Jinsi Nilivyoyaunganisha Mafaili ya Mizani ya Masasi, Newala na Tandahimba

Msimu wa korosho unapofunguliwa huku kwetu Mtwara, mwezi wa Oktoba, korosho ghafi za wakulima hupimwa kwenye vyama vya msingi, yaani AMCOS, kisha hupelekwa ghala kuu kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani kusubiri mnada. Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya kompyuta ya Python, ya kusoma mafaili ya mizani ya Masasi, Newala na Tandahimba na kuyaunganisha yawe jedwali moja. Niliichukulia kwa uzito, kwa sababu kilo zikikosewa hapo, anayecheleweshewa malipo ni mkulima.

Njia za mafaili niliziandika ndani ya skripti kama Windows inavyozionyesha: D:\korosho\masasi.csv, kisha D:\korosho\newala.csv na D:\korosho\tandahimba.csv. La Masasi lilifunguka papo hapo. La Newala likakataa, na nilipolijaribu la Tandahimba peke yake nalo likakataa, ilhali yote matatu nilikuwa nayaona kwenye folda ileile. Nikampigia simu karani wa Newala nikidhani amekosea jina. "Kaka, faili nimeliweka mwenyewe asubuhi, na jina ni lilelile tulilokubaliana," akanijibu, na ndivyo ilivyokuwa.

Jibu lilikuwa ndani ya ujumbe wa hitilafu, ambao nilikuwa nimeusoma juu juu. Python ilikuwa imeiandika njia hivi: 'D:\\korosho\newala.csv'. Kabla ya neno korosho kulikuwa na mikwaju miwili inayolalia nyuma, lakini kabla ya newala ulikuwa mmoja tu. Katika maandishi ya Python, mkwaju huo ukifuatwa na n huwa alama ya kuanza mstari mpya, na ukifuatwa na t huwa nafasi ya kitufe cha Tab. Kwa hiyo skripti ilikuwa ikitafuta faili lenye mstari mpya katikati ya jina lake, jambo ambalo Windows hailikubali kabisa. Masasi ilisalimika kwa kuwa m haina maana hiyo. Kwa majirani zetu wa Lindi, Liwale ingepita salama, lakini Nachingwea na Ruangwa zingenaswa, maana r nayo ina maana yake.

Dawa moja ni kutanguliza herufi r kabla ya alama za kunukuu zinazofungua njia, ili Python iisome mikwaju kama ilivyo. Mimi nilichagua kutumia mkwaju wa kawaida, D:/korosho/newala.csv, ambao Windows huukubali bila shida, na njia zote nikazihamishia kwenye faili la mipangilio lililo nje ya skripti, ili folda ikibadilika asiwepo mtu wa kugusa msimbo.

Tatizo la pili lilikuwa la kufunga. Kila faili likishasomwa, skripti ilipaswa kulihamishia folda ya yaliyosomwa, lakini Windows ilikataa kwa maelezo kwamba faili linatumiwa na programu nyingine. Nilishuku Excel, nikaifunga, hali ikabaki ileile, kumbe aliyelishikilia ni skripti yangu, iliyolifungua kwa amri ya open bila kulifunga. Tangu hapo kila faili nalifungua ndani ya amri ya with, ambayo hulifunga hata hitilafu ikitokea katikati ya kusoma, na uhamishaji nauandika nje ya hiyo with.

Safu ya kwanza, "namba", nayo haikutambulika katika mafaili yaliyohifadhiwa na Excel kwa UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi, kwa sababu Excel huweka baiti 3 zisizoonekana mwanzoni mwa faili. Kulisoma faili kwa chaguo la utf-8-sig, ambalo huziruka baiti hizo, kulimaliza jambo hilo.

Sasa, baada ya kila faili, skripti huandika idadi ya mistari iliyosomwa na jumla ya kilo. Karani wa Newala hunisomea kwa simu jumla iliyo kwenye kitabu chake cha mizani, nami humsomea ya kwangu, na zikilingana ndipo jedwali linatumwa ghala kuu.