Mishipa ipi, mzee?

Nina sukari tangu 2014. Mwaka juzi nyayo zikaanza kuwaka moto usiku, hata shuka likinigusa ni taabu. Jirani yangu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, akaniambia mishipa imeziba na dawa anayo: vidonge vya mafuta ya samaki, shilingi 90,000 kwa chupa ya mwezi. Nikanunua. Kumbuka hapo Masese mukene, yaani dagaa, huanikwa kila siku, nami nalipia samaki wa chupani!

Nilimeza miezi mitano, nyayo ziko vilevile. Na ili nipate pesa ya chupa, nilikuwa naruka dawa ya presha. Hilo sikumwambia mke wangu.

Kliniki nikamwambia daktari, "Musawo, mishipa yangu imeziba."

"Mishipa ipi, mzee? Ya damu au ya fahamu?"

Nikabaki kimya. Miezi yote mitano sikuwahi kujiuliza. Akaweka vidole juu ya mguu wangu, mapigo yapo, tena ya nguvu. Akaniambia nifumbe macho, akagusa kidole gumba kwa uzi mgumu wa plastiki. Nikawa bado nasubiri aguse. Kumbe ya damu inapitisha, ya fahamu ndiyo iliyoumia.

Sukari peke yake inaweza kuiumiza, ila aliponiuliza nimetumia metfomini, dawa yangu ya sukari, miaka mingapi, akataka nipimwe vitamini B12. Metfomini ikitumika muda mrefu huweza kuishusha, na ikipungua nyayo huwaka namna ileile. Yangu ilikuwa chini. Nikaanza sindano, baada ya miezi michache nikawa nalala na shuka miguuni. Kidole gumba bado kina ganzi.

Kuhusu yale mafuta, alinieleza utafiti wa Oxford uliotoka 2018: watu 15,480 wenye kisukari huko Uingereza, wengine wakipewa gramu 1 ya mafuta ya samaki kila siku, wengine mafuta ya zeituni, kwa zaidi ya miaka saba. Waliopata matatizo makubwa ya moyo na mishipa ya damu, kama kiharusi, walikuwa 8.9 kwa kila 100 upande wa mafuta ya samaki, 9.2 upande wa zeituni. Yaani sawasawa tu.

Presha yangu siku ile ilikuwa 164 kwa 98. Hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi kuhusu mishipa ya damu, si miguu. Sasa 90,000 zile hununua dawa ya presha na vijiti vya kupimia sukari, na chenji inabaki ya mukene wa karanga. Jirani bado ananisalimia, ila kwa mbali.