Jabali Lililopanda Karura

Jumapili ile Mjomba alinikuta nimejikunja kwenye kochi, siku ya tatu tangu nipewe barua ya kuachishwa kazi. Hakunipa pole. Alisema tu, "Vaa viatu, twende Karura."

Mjomba alikuwa mwalimu wa fizikia mstaafu. Kwenye maporomoko ya msitu huo wa Karura, Nairobi, alinisimamisha ukingoni. "Kazia macho pale katikati maji yanaposhuka. Usiyabandue." Dakika moja hivi ikapita. "Haya, tazama lile jabali pembeni."

Jabali likaanza kupanda. Lilipanda bila kuondoka mahali pake, kimyakimya, na moss yake yote. Nikamshika mkono. Akanieleza kwamba mtu mmoja, Robert Addams, aliona hivyo hivyo mwaka 1834, penye maporomoko ya Foyers, Uskoti. Sababu, alisema Mjomba, ni kwamba seli za ubongo zinazoitikia mwendo wa kushuka huchoka, na zile za kupanda zikabaki zikisema peke yao.

"Sasa tena." Safari hii alinyoosha mkono mbele yangu, vidole vikawa pale pale nilipokuwa natazama, akavikunja na kuvikunjua upesi upesi. Nijumlishe idadi ya vidole alivyoonyesha kila mara. Maji yalimwagika kila upande wa kiganja chake. Nilipogeukia jabali, lilitikisika kidogo tu, likatulia.

Maji yale yale, macho yale yale! Nilisimama pale nimeduwaa.

Miaka baadaye nilisoma kwamba mtafiti Avi Chaudhuri alilipima jambo hilo mwaka 1990: ukishughulishwa na herufi zilizo katikati ya mchoro unaotembea, mwendo wa uongo unaofuata hufifia upesi. Mwaka 1996 watafiti Treue na Maunsell wakasikiliza seli za eneo la MT, kituo cha mwendo katika ubongo wa kima. Nukta mbili zilipita mbele ya seli moja, kila moja na njia yake, nayo seli ikaifuata zaidi ile ambayo mnyama aliizingatia. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Nilikuwa nimedhani jicho huona kwanza, na akili huchagua baadaye.

Lakini siku ile Mjomba hakutaja tafiti hizo.

"Umefika ngapi?"

"Themanini na saba."

"Na ile barua, uliifikiria?"

Nikatikisa kichwa: la. Akanyoosha mkono tena.