Minazi Ishirini na Minne

Mvua za vuli za mwaka 2019 zilikataa kuondoka. Desemba ilikuwa imeshaingia, kaskazi imeanza kuvuma, na bado kila alasiri manyunyu yalitukuta katika bustani ya hoteli moja ya Bamburi, Mombasa, mimi na Ami, tukikimbilia turubai kufunika masanduku yetu ya kuendeshea taa. Hoteli ilitaka minazi yake 24 iwake Krismasi, mstari mmoja kutoka barazani hadi ngazi za kuteremkia ufuoni, rangi zipite mti hadi mti kama wimbi linalorudi baharini.

Ami ni ndugu ya baba yangu. Harusi nyingi za Mji wa Kale ameziwasha yeye: kamba za taa kutoka roshani hadi roshani Kibokoni, jenereta imefichwa kichochoroni, kila kitu kwa waya. Habari ya kuendesha taa kwa waifai niliileta mimi. Umeme ulikuwepo tayari chini ya kila mnazi kwa sababu ya taa za kawaida za bustani, lakini mabomba ya kupitishia waya ardhini yalikuwa yamejaa, na meneja hakutaka nyasi zake mpya zichimbwe. Hata angekubali, pale ukichimba shibiri mbili unagonga jiwe la matumbawe. Ami alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

“Waya ukikatika, nitauona. Hewa ikikatika, utaiona wapi?”

Nilimjibu kwa hesabu. Kila mnazi tungeuvika pikseli 150, yaani taa ndogondogo ambazo kila moja hubadilishwa rangi peke yake. Pikseli moja hula chaneli tatu, nyekundu, kijani na buluu, kwa hiyo mnazi mmoja ni chaneli 450, na fungu moja la DMX, lugha ya kuamrishia taa, lina chaneli 512. Mnazi mmoja, fungu moja, na ndani ya kila sanduku kidude cha ESP8266 cha kupokea data hewani na kuipitisha kwenye taa. Meza ya kompyuta na ruta ingekaa barazani. Ami akasema haya, tufunge kazi.

Kuzivika taa tulisaidiwa na mkwezi wa hoteli, mzee ambaye huangua nazi kabla hazijawaangukia wageni. Alikuwa na sharti moja: vidato vyake vya kupandia, vilivyochongwa kwenye shina, visifunikwe. Mimi nilitaka mizunguko ya taa ilingane toka chini hadi juu, na kila kidato kilinivurugia vipimo. Nilimbishia, kwa adabu lakini nilimbishia. Ami akaingilia kati. “Mti ni wake huyu. Mwachie njia yake.” Tukamwachia.

Jaribio la kwanza tulilifanya kwa minazi minne, usiku, bustani tupu. Rangi zikapita laini kabisa, na Ami, mtu asiyesifu ovyo, alisimama kimya muda mrefu. Tulipounganisha yote 24, mambo yakaharibika. Mti huu unaganda kwenye nyekundu, ule unaruka, wa tatu umezimika. Siku mbili nzima nilifungua viungio nikisaka maji ya mvua, na kweli viwili vilikuwa na kutu ya chumvi, lakini ugonjwa haukuwa pale. Data nilikuwa nikiituma kwa njia ya tangazo, yaani pakiti moja ya data inayomwendea kila anayetaka kusikiliza. Kwenye waya njia hiyo ni nzuri. Hewani, ruta hulirusha tangazo kwa kasi yake ya chini kabisa, na kwangu hiyo ilikuwa megabiti 1 kwa sekunde, tena haingoji yeyote ajibu kwamba amepokea. Minazi minne, fremu 20 kwa sekunde, yaani rangi kubadilishwa mara 20, ni pakiti 80, zinapita. Minazi 24 ni pakiti 480, kila moja karibu baiti 600, jumla zaidi ya megabiti 2. Nilikuwa nikimimina ndoo mbili kwenye kikombe. Nikaipa kila ESP anwani yake ya kudumu, nikatuma kwa anwani, ruta ikapandisha kasi, wimbi likarudi. Usiku ule nililala vizuri.

Tarehe 24 wageni walianza kujaa saa kumi na moja jioni. Wazazi na watoto kutoka Nyali, Kisauni, mjini, pamoja na watalii wenyewe. Taa ziliahidiwa saa moja. Saa kumi na mbili na robo nikawasha kidogo kuhakikisha, na minazi kuanzia wa tisa hadi wa mwisho ikaganda.

Nikiikumbuka dakika ile, tumbo bado hunikaza. Hakuna kilichobadilika ila watu. Na watu ndio walikuwa tatizo: mwili wa binadamu ni maji mengi, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4. Ruta yangu ilikuwa juu ya meza, masanduku yapo usawa wa magoti, na katikati umati. Tena kila mmoja ana simu mfukoni, na waifai ya wageni imekalia chaneli za redio 1, 6 na 11, tatu zinazotumiwa zaidi kwa sababu hazigongani. Nilimwomba kijana wa kompyuta wa hoteli ahamishe kituo chake cha waifai cha bustanini kutoka 11 kwenda 6, aniachie 11. Alikubali mara moja, Mungu ambariki. Haikutosha.

“Inataka kupanda juu ya vichwa,” nilimwambia Ami. “Katikati ya mstari.”

Hakuniuliza kitu. Alikwenda kwenye pikapu akarudi na antena ya nje tuliyokuwa tumeibakiza kutoka kazi nyingine, na begani roli ya kebo ya mtandao, ile inayobeba data na umeme pamoja. Kutoka barazani hadi mnazi wa kumi na mbili ilikuwa kama mita 70, na kebo ya namna hiyo mwisho wake ni 100. Aliilaza nyuma ya ua wa maua, amepiga magoti kwenye matope na kanzu yake ya jioni, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kazi.

Mkwezi alikuwa akikata madafu kwa wageni. Aliweka panga chini, akavua viatu.

“Mzee, usifike kileleni,” nilimwomba. “Mita sita zinatosha. Antena hii inatawanya mawimbi kwa pembeni zaidi kuliko chini.”

Alipanda kwa vidato vyake, kimoja kimoja, katikati ya taa zangu, bila kukanyaga hata pikseli moja. Jua lilikuwa linatua. Alifunga antena kwa kamba, nami nikakimbilia mezani.

Saa moja kasorobo wimbi lilitoka barazani, likapita wa tisa, wa kumi, wa kumi na mbili na mzee bado yu juu yake, likaenda mpaka ngazini. Watoto walipiga kelele. Ami alinishika bega.

Mzee aliposhuka nilimwendea nimshukuru, lakini alitangulia yeye kusema, akinionyesha kwa kidole upande wa bahari.

“Nimeutazama kutoka juu. Ule wa kumi na tisa unachelewa kidogo.”

Nikachukua tochi na bisibisi, nikaenda.