Mkono wa Klutsis

Kwa kuwa ninaishi kwa kutengeneza mabango, kuna moja ambalo sichoki kulitazama. Ni lile alilolitengeneza Gustav Klutsis, msanii mzaliwa wa Latvia, mwaka 1930, kuwahimiza wananchi wa Umoja wa Kisovyeti watimize mpango wa kazi kubwa za serikali. Kiganja kimoja kikubwa kimeinuliwa, na ndani yake vimejaa viganja vidogo vidogo vilivyoinuliwa vilevile, kana kwamba taifa zima linapiga kura kwa mkono mmoja. Mkono uliopigwa picha ni wa Klutsis mwenyewe, na hata mtu asiyejua kusoma angeuelewa ujumbe wake.

Nguvu ya mabango hayo, kwa maoni yangu, ilikuwa katika vipimo zaidi kuliko katika maneno. Katika bango la Klutsis la mwaka 1931, Stalin, kiongozi wa nchi hiyo, akiwa amevaa koti refu la kijivu, anatembea sambamba na wachimbaji wa makaa ya mawe, na kimo chake hakiwazidi sana. Miaka michache baadaye, mabango ya nchi hiyo yalikuwa yamemfanya jitu, huku umati ukibaki vichwa vidogo visivyotambulikana chini yake. Jicho la raia lilifundishwa nani mkubwa na nani mdogo bila amri yoyote kusomwa.

Mkasi wa kukata na kuunganisha picha, uliokuza sura moja, ndio uliofuta nyingine. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alipigwa picha akiwa kando ya Stalin kwenye mfereji unaounganisha Moscow na mto Volga. Baada ya kuangushwa na kuuawa mwaka 1940, aliondolewa pichani, na pale alipokuwa amesimama pakajazwa maji. Klutsis naye hakunusurika: alikamatwa Januari 1938 na kupigwa risasi mwezi uliofuata.

Wapo wenzangu katika fani wanaosema tujifunze mpangilio wa kazi hizi na siasa tuwaachie wanahistoria. Sikubaliani nao hata kidogo, na ushahidi wangu ni kitabu cha picha kilichosanifiwa na msanii wa Kisovyeti Aleksandr Rodchenko pamoja na mkewe, Varvara Stepanova, mwaka 1934, kuadhimisha miaka kumi ya Uzbekistan ya Kisovyeti. Viongozi waliopamba kurasa zake, akiwemo Akmal Ikramov, waliuawa muda si mrefu baadaye, na kuwa na sura zao nyumbani kukawa hatari. Rodchenko akachukua nakala yake mwenyewe, akazifunika nyuso kwa wino mweusi: mabega yamebaki, suti imebaki, lakini kichwa ni doa tupu. Ni kurasa zilezile alizozipanga kwa ustadi wake wote, na mpangilio wake ungali unaonekana vizuri kuzunguka madoa hayo.