Siku ya bamvua: siku moja maishani mwangu Ngomeni, pwani ya Kenya

Saa 11 alfajiri. Jana mwezi ulikuwa kumi na tano, kwa hiyo leo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Nikifungua mlango nasikia maji yamejaa hadi ndani ya mikoko.

Saa 1 asubuhi. Chai na kompyuta. Kazi yangu ni kulinganisha picha za setilaiti na mikoko yenyewe. Setilaiti za Sentinel-2 hupita juu yetu kila baada ya siku 5, kimo cha kilomita 786, na pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni eneo la mita 10 kwa 10. Picha ya wiki jana imenitia doa jekundu pale akina mama walipopanda miche. Nyekundu kwenye ramani yangu ina maana hakuna jani hai. Akina mama wale waliibeba miche kwa misimu miwili, tope likiwafika magotini. Usiku kucha nimewaza nitawaambia nini.

Saa 2 na nusu, mtumbwini na ami, mvuvi wa hapa.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo picha imepigwa lini?”

Nikamtajia siku. Akahesabu mwezi kwa vidole. “Yalikuwa maji mafu hayo. Saa nne pale maji tele.”

Nikanyamaza. Maji mafu ni zile siku za nusu mwezi, bahari isipojaa sana wala kupwa sana. Jani hai humeza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa wingi, na kompyuta huitambua mimea kwa tofauti hiyo. Maji nayo huimeza infraredi. Mche usiofika kiunoni ukifunikwa, setilaiti huona bahari tu. Tena setilaiti hupita hapa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za bamvua hiyo ndiyo saa ya maji kupwa; siku za maji mafu, ndiyo saa ya kujaa. Jambo hili wavuvi wa hapa wanalijua tangu utotoni, nami nilikuwa nalo mbele ya macho nisilione.

Saa 4 na nusu. Maji yamekupwa. Tunatandika kamba, mraba wa mita 10 kwa 10, sawa na pikseli, tunahesabu. Mraba wa kwanza: mikoko 43 hai, 6 imekauka. Wa pili, 51. Majani mapya yanang'aa. Nilitamani kupiga kelele.

Lakini upande wa kaskazini, karibu na mabwawa ya chumvi, wekundu ulikuwa wa kweli. Mchu, aina ya mkoko, hupumua kwa mizizi inayochomoza topeni; hapo mchanga umeifunika, na miti imekufa imesimama. Nimehesabu 17. Mizizi hii ndiyo inayoshika ufuo wetu huku bahari ikipanda, na inaniuma kuiandika.

Saa 8, wali na samaki. Kisha hadi jioni narekebisha ramani, kila picha naiandikia hali ya maji.

Saa 1 usiku mwezi unachomoza baharini, upande wa San Marco, jukwaa la kurushia roketi lililo baharini. Hapo ndipo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, iliporushwa setilaiti Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kutafuta eksirei za angani. Iligundua vyanzo zaidi ya 300. Roketi ya mwisho iliondoka hapo 1988.

Kabla ya kulala nimempigia simu mama mwenyekiti wa kikundi. Alilia, akacheka, akauliza kuhusu ile michu 17. Kesho twende naye.